Sofia wa Barabarani: Maelezo kuhusu Mitego ya Mwendo kwenye Njia ya Gisenyi

Mtego wa mwendo ni jina ambalo madereva hukipa kipande cha barabara kuu ambacho ndani yake kikomo cha mwendo hushuka ghafla, kwa kawaida kwenye mlango wa mji mdogo, na ambacho kimewekewa askari au mtambo wa kumpata yule ambaye mguu wake haukushuka pamoja na kikomo hicho. Jina hilo halina haki kamili, kwa kuwa mtego wa kweli hufichwa na kuwekewa chambo, ilhali huu hutanguliwa na kibao cheupe chenye duara jekundu na tarakimu nyeusi, tena chambo chake huletwa na mnaswaji mwenyewe, nacho ni haraka. Hata hivyo jina limeshika, na methali isemayo kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo hutajwa kando ya barabara kila siku, ingawa uchunguzi wa kawaida huonyesha kwamba wanaoitaja kwa sauti kubwa zaidi ni wale waliokuwemo.

Kiswahili, ambacho Bunge la Rwanda lilikipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017 lakini ambacho mitaa ya Gisenyi ilikuwa imekwisha kukizungumza bila kulisubiri Bunge, kilikuwa na sheria za mwendo kabla ya gari la kwanza kuonekana kwenye ufuko wa Ziwa Kivu. Haraka haraka haina baraka, husemwa, na mwenda pole hajikwai. Ila upungufu wa sheria hizo ni kwamba hazikutaja kilomita kwa saa, wala hazikueleza baraka hupungua kwa kiasi gani kila mwendo unapoongezeka kwa kumi, hivyo kila dereva alibaki na tafsiri yake, na pole ya mmoja ikawa haraka ya mwingine. Methali iliyo karibu zaidi na hali halisi ni ile ya simba mwenda pole ndiye mla nyama, ambayo wazee waliitumia kuwafundisha watoto subira, lakini ambayo leo, ikitazamwa kwa makini kutoka dirishani mwa basi, haimhusu tena msafiri bali humhusu askari aliyesimama kwenye kivuli cha mkaratusi, ambaye haendi popote, na ambaye nyama humfuata pale pale alipo.

Njia inayozungumziwa hapa huanzia Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, hupanda Shyorongi, hupita Nyirangarama na Gakenke, huingia Musanze, mji ambao watu wa makamo bado huuita Ruhengeri, kisha hupanda nyanda za baridi za Mukamira, Jenda na Bigogwe kabla ya kuteremka kupitia Mahoko hadi Gisenyi, mji wa mpakani na wa ufukweni ambao, tangu mgawanyo mpya wa maeneo ya utawala wa mwaka 2006, wilaya yake imekuwa ni Rubavu katika nyaraka huku msafiri akiendelea kukata tiketi ya Gisenyi. Urefu wake ni kama kilomita 150, umbali ambao dereva wa Tanzania, aliyezoea kuona mji mmoja ukitenganishwa na mwingine kwa nusu siku ya mbuga, angeuhesabu kuwa ni safari ya kwenda sokoni na kurudi. Lakini katika Rwanda umbali haupimwi kwa kilomita peke yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13.2, yaani wastani wa watu 503 katika kila kilomita ya mraba, na kwa macho ya dereva aliyechelewa, wengi wa hao 503 wa kila kilomita wamejipanga kando ya barabara hii hii, wakiwa wamebeba majembe, vitabu, madumu ya maziwa na miavuli, wakitembea kwa utulivu wa watu wasiodaiwa.

Kutokana na hali hiyo njia nzima imejaa senta, neno linalotumika kwa mkusanyiko wa maduka machache, kinyozi, ghala la viazi, wakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu na benchi la motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, ambao wote pamoja hawajafikia kuwa mji lakini wamekwisha kupata kibao chao cha mwendo. Dereva anayetoka senta moja huongeza gia kwa matumaini, husikia injini ikianza kuimba, na kabla wimbo haujafika ubeti wa pili huona paa la senta inayofuata. Hivyo basi, tofauti na nchi pana ambako mji mdogo hukatiza barabara kuu, hapa barabara kuu ndiyo hukatiza mji mmoja mdogo wenye urefu wa kilomita 150, na swali la mahali mtego unapoanzia hukosa jibu kwa sababu ile ile ambayo swali la mahali ziwa linapoanza kulowa hukosa jibu.

Msingi wa kisheria wa mambo haya kwa miaka mingi umekuwa Amri ya Rais ya mwaka 2002 kuhusu usalama barabarani, ambayo ilirekebishwa mwaka 2015 ili magari ya abiria na ya mizigo yafungwe kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachoikatalia injini kuvuka kilomita 60 kwa saa hata dereva akikanyaga kwa nguvu za mguu wote. Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuona jaribio kama hilo nchini Kenya, ambako kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, na ambazo wananchi waliziita kwa jina la waziri John Michuki, ziliziwekea matatu kikomo cha kilomita 80 na kuwalazimisha abiria kufunga mikanda. Rwanda ilipunguza tena 20, na matokeo yake yalizaa mojawapo ya mandhari ya ajabu katika historia ya usafiri: kwenye mteremko wa kutoka Bigogwe, basi lenye injini ya dizeli, viti vya kitambaa na dereva mwenye miaka mingi kazini hupitwa na mnyonzi, kama aitwavyo nchini humo mwendesha baiskeli wa biashara, ambaye amefunga magunia ya karoti nyuma yake, hana kidhibiti, hana kibao cha namba, na breki yake kubwa ni soli ya kandambili. Abiria huangaliana. Ikumbukwe kwamba mnyonzi huyo huyo, katika mlima wa upande wa pili, alikuwa ameshikilia nyuma ya lori kwa mkono mmoja, jambo lililokatazwa, hivyo inaweza kusemwa kwamba hupanda kwa mwendo wa wengine na huteremka kwa mwendo wa Mungu.

Mwaka 2019 ndio uliobadilisha adabu za njia hii. Mwezi Mei mwaka huo Polisi ya Rwanda ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, maneno ya Kinyarwanda yenye maana ya fika kwa amani, na katika mwezi huo huo Kigali ilimpokea mgeni asiye wa kawaida, roboti Sophia, aliyetengenezwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong na kupewa uraia na Saudi Arabia mwaka 2017, ambaye alihudhuria mkutano wa teknolojia wa Transform Africa akiwa amevishwa mushanana, vazi la heshima la wanawake wa Rwanda. Roboti huyo alisalimia, alijibu maswali, akaondoka, ila jina lake lilibaki, kwa kuwa kamera za kupima mwendo zilipoanza kuonekana kandokando ya barabara, baadhi zikiwa juu ya nguzo na nyingine juu ya miguu mitatu, madereva waliziita Sofia. Uteuzi wa jina hilo ulikuwa wa busara kuliko walioufanya walivyojua, kwa maana Sofia wa barabarani ana sifa zote za yule wa mkutanoni: hutazama bila kupepesa, hakumbuki undugu, hasikilizi habari za msiba uliompata mtu, na haiwezekani kumwuliza anatoka kijiji gani ili kutafuta jamaa wa pamoja.

Majina ambayo watu hukipa chombo hueleza uhusiano wao nacho. Nchini Tanzania kifaa cha askari cha kupimia mwendo huitwa tochi, kwa kuwa hushikwa mkononi na kuelekezwa kwenye gari kama mtu anayemulika mwizi gizani, na dereva aliyenaswa husema amepigwa tochi, kauli inayokiri kwamba kulikuwa na giza na kwamba yeye alikuwa ndani yake. Kwa upande wa Rwanda chombo hicho ni mtu, tena mwanamke mwenye jina, na dereva husema Sofia amemwona, kauli yenye haya kidogo, kama ya mume aliyekutwa mahali ambapo hakuaga kwenda. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kuelekea Goma hulazimika kujifunza mambo mawili anapovuka daraja la Rusumo: kuhama kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda kulia, na kuacha kuogopa tochi ili aanze kumwogopa Sofia. Inasemekana la kwanza huzoeleka upesi.

Utaratibu wa ndani wa vyombo hivi si wa siri. Vingi hutegemea radari, yaani kifaa kinachotuma mawimbi ya redio na kuyapokea yanaporudi baada ya kugonga kitu, na kanuni inayotumika ni ile iliyoelezwa na mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, mwaka 1842, kwamba mawimbi yanayotoka kwenye kitu kinachokaribia hubanana na yale ya kitu kinachokwenda mbali hutanuka. Ndiyo sababu honi ya basi linalokuja husikika nyembamba na ya basi lililokwisha kupita husikika nene. Kwa hiyo kila mchuuzi wa mahindi ya kuchoma pale Mahoko, ambaye husikia honi hizo tangu alfajiri, amekuwa akipokea somo la Doppler bila ada, na anaweza, kwa sikio tu, kukadiria ni dereva gani atakayepata ujumbe jioni.

Wala isidhaniwe kwamba masaibu haya yalianzia hapa. Dereva wa kwanza anayetajwa katika kumbukumbu kuwa alitozwa faini ya mwendo ni Walter Arnold wa Kent, Uingereza, ambaye Januari 1896 alipita katika mji mdogo wa Paddock Wood kwa maili 8 kwa saa, sawa na kilomita 13, mahali palipowekwa kikomo cha maili 2, na akakamatwa na askari aliyemfukuza kwa baiskeli kwa umbali wa kama kilomita 8. Wanyonzi wa Bigogwe wangeshangaa kusikia kwamba ilimchukua umbali wote huo. Mwaka 1905 madereva wa nchi hiyo waliunda chama ambacho moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwaonya wanachama kuhusu mitego, na mahakama ilipotilia shaka jambo hilo, wahudumu wa chama waliokuwa barabarani wakabuni njia ya werevu: walimpigia saluti kila mwanachama aliyepita, na siku ambayo mhudumu hakupiga saluti, dereva alielewa kwamba mbele kuna askari. Heshima ikawa ni ya kawaida, na utovu wa adabu ukawa ndio onyo. Katika barabara za Afrika Mashariki saluti hiyo imegeuka kuwa mwako wa taa za mbele, mara mbili, kutoka kwa gari linalokuja upande wa pili, na kwa muda wa sekunde mbili watu wasiojuana, wa dini, makabila na timu tofauti za mpira, huwa ndugu.

Historia ina kejeli nyingine inayostahili kutajwa. Aliyeanzisha kampuni iliyosambaza kamera za mwendo duniani ni Mholanzi Maus Gatsonides, dereva wa mashindano aliyeshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1953, ambaye alibuni chombo cha kupimia mwendo wake mwenyewe kwenye kona kwa lengo la kwenda kasi zaidi. Chombo cha mwenye haraka kuliko wote kikawa ndicho adui wa wenye haraka wote. Na huko Ohio, Marekani, kijiji cha New Rome, ambacho sensa ya mwaka 2000 ilikikuta na wakazi 60, kilikuwa maarufu kwa kikosi cha polisi kilichosimama pale ambapo kikomo kilishuka kutoka maili 45 hadi 35, kikaishi kwa faini kwa miaka mingi, mpaka mahakama ilipokifuta kama mji mwaka 2004. Kisa hicho hunukuliwa na kila dereva anayetaka kuthibitisha kwamba miji midogo hula madereva. Kinachosahaulika ni kwamba barabara ya New Rome ilikuwa na magari mengi na waenda kwa miguu wachache, ilhali Mahoko siku ya soko ina hesabu iliyogeuzwa.

Athari za mitego hii kwa maisha ya kila siku ni nyingi, na zilizo dhahiri zaidi zinaweza kugawanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni breki ya hofu, yaani tendo la dereva kukanyaga breki kwa nguvu zote, si kwa sababu ya kitu kilicho barabarani bali kwa sababu ya kitu kilicho kando yake, hasa chochote chenye rangi ya njano inayoakisi mwanga. Kwa kuwa fulana za rangi hiyo huvaliwa pia na mafundi wa barabara, wafagiaji na wakati mwingine mchungaji wa mbuzi aliyepewa na shemeji yake, magari mengi ya njia hii hutoa heshima kubwa kwa watu wasioitegemea. Ndani ya basi breki ya hofu huleta msukosuko wa kiuchumi: karoti za Jenda huviringika kutoka viti vya nyuma hadi miguuni mwa dereva, kuku hubadili mmiliki, na chupa ndogo ya pilipili ya Akabanga iliyonunuliwa Nyirangarama, ambayo ndiyo bidhaa pekee ya njia hii inayotumiwa kwa kipimo kikali kuliko mwendo, yaani tone kwa tone, humwagika kwenye suruali ya mtu aliyekuwa akienda kuposa.

Abiria wenyewe hawana usafi wa kusema wao ni wahanga. Kampeni ya Gerayo Amahoro huwahimiza wapaze sauti dereva anapokosea, nao hupaza, ila mara nyingi ni kwa kumwuliza kama analala, kwa kumkumbusha kwamba gari la ajansi nyingine, yaani kampuni shindani ya mabasi, limewapita tangu Musanze, na kwa kuguna kwa pamoja anapopunguza mwendo. Sauti hizo hukoma mara moja fulana ya njano inapoonekana. Kuanzia hapo basi zima huingia katika utulivu wa ibada, mikanda hufungwa kwa mlio mmoja, aliyekuwa akilaumu hutazama milima kana kwamba ndiyo aliyoijia, na askari akichungulia ndani hukuta jamii ya watu wapole ambayo haijapata kuonekana popote nchini. Mita mia mbili mbele, mmoja huuliza tena kama dereva analala.

Fungu la pili laweza kuitwa msafara wa 40. Hutokea pale dereva mwangalifu anapoingia senta yenye kibao cha 40, akatoka upande wa pili bila kuona kibao cha kumfungulia, na kwa kuwa amekwisha kulipa amande mara moja, yaani faini, kwa neno ambalo Gisenyi na Goma zimelirithi kutoka Kifaransa, huamua kubaki na 40 mpaka atakapopata ushahidi wa maandishi. Nyuma yake hujipanga malori, mabasi, motari wenye abiria na gari la maharusi, na kwa kuwa barabara ni ya kona na mstari mweupe wa katikati haukatiki, hakuna anayeweza kupita. Kutoka mbali msafara huo huonekana kama mapokezi ya mgeni wa kitaifa, na watoto wa kando ya barabara huwapungia mikono. Suala hilo halikuishia kwa watoto. Mwaka 2021 Rais Paul Kagame mwenyewe alilizungumzia hadharani, akieleza kwamba kikomo cha 40 kilikuwa cha chini kupita kiasi na kwamba panahitajika mizani kati ya usalama na mwendo, na baada ya hapo baadhi ya vibao vya 40 vilianza kuonekana vikiwa na 60. Madereva walishangilia, kisha wakagundua kwamba Sofia naye alikuwa amesikia habari hizo na sasa aliwangoja kwenye 61.

Fungu la tatu, ambalo ndilo lenye machozi, ni ujumbe wa jioni. Katika utaratibu wa zamani kosa na adhabu vilikutana mahali pamoja, dereva akashuka, akavua kofia, akaeleza, na hata aliposhindwa alikuwa na faraja ya kueleza. Katika utaratibu wa Sofia kosa hutendeka asubuhi na taarifa yake huja kwa simu baadaye, mara nyingi mtu anapokuwa ameketi ufukweni mwa Gisenyi mbele ya sahani ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika na ambao, kwa kuwa nao waliletwa ili wavuliwe, wanaweza kudai uzoefu fulani wa mitego. Simu hulia, mlaji husoma, na sambaza hupoa. Kwa miaka mingi kiwango kilichojulikana kwa kosa la mwendo kilikuwa faranga 50,000, kiasi ambacho kingemlipia mtu huyo nauli ya basi kwenda Kigali na kurudi mara kadhaa, akiwa amekaa dirishani, akilalamikia mwendo wa dereva mwingine.

Zaidi ya hayo ujumbe huo haumwendei aliyeshika usukani, bali humwendea mwenye gari, na taarifa ya kosa hutaja mahali na saa. Hapo ndipo Sofia anapovuka mipaka ya usalama barabarani na kuingia katika mambo ya ukoo. Shemeji aliyeazima gari ili ampeleke mama mkwe hospitali ya Gisenyi, huku gari hilo likiwa limepigwa picha Musanze saa tisa alasiri, ana maelezo ya kutoa ambayo hayahusiani na kilomita. Na mume aliyesema amekwama Petite Barrière, kivuko cha watembea kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma chenye msongamano unaojulikana na wote, hushindwa kueleza namna foleni hiyo ilivyokwenda kwa kilomita 78 kwa saa. Wazee wa ukoo, ambao zamani walikaa jioni nzima wakisikiliza pande mbili, sasa husoma ujumbe mmoja na kupitisha hukumu kabla chai haijaiva.

Kwa kuwa madai makuu ya mwenye haraka ni kuokoa muda, yafaa muda huo upimwe kwa uadilifu. Ichukuliwe senta yenye urefu wa kilomita 3 na kikomo cha 40: anayetii huivuka kwa dakika nne na nusu, na anayekwenda 60 huivuka kwa dakika tatu, hivyo faida yake ni sekunde 90. Akinaswa na kutozwa faranga 50,000, kila sekunde aliyoiokoa atakuwa ameinunua kwa zaidi ya faranga 555, na bidhaa ya bei hiyo ingetegemewa kutunzwa vizuri. Uchunguzi wa matumizi ya sekunde hizo huonyesha vinginevyo. Dereva aliyekimbia kutoka Mukamira hufika Gisenyi, huegesha, hunyoosha mgongo, hukutana na rafiki, na husimama naye kwa saa nzima akimsimulia jinsi alivyowahi.

Wanaozidharau kilomita 60 kwa kuziita mwendo wa kobe wangepaswa kutazama kaskazini ya Gisenyi, ambako mlima Nyiragongo husimama juu ya Goma na nyakati nyingine kuwaka usiku kwa wekundu unaoonekana hadi Gisenyi. Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni mwa mlima huo lilipasua miamba na kumwagika lote kwa muda usiozidi saa moja, na wataalamu wa volkano hukadiria kwamba lava hiyo, ambayo ni nyepesi kuliko ya milima mingi, iliteremka kwa mwendo uliofikia kilomita 60 kwa saa. Watu wengi walikufa, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kuukimbia mwendo huo kwa miguu. Kwa maneno mengine, kile ambacho aliye ndani ya gari hukiona kama kusinzia, aliyeko nje hukiona kama mlima unaomjia, na sheria za mwendo katika miji midogo zimeandikwa kutoka upande wa huyu aliyeko nje. Shirika la Afya Duniani hueleza jambo hilo hilo kwa tarakimu: kila wastani wa mwendo unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua huongezeka kwa asilimia 4, hesabu ambayo, kama ingefahamika mapema, ingewasaidia waliotunga methali kukadiria baraka.

Hapana budi kukiri, hata hivyo, kwamba dereva wa njia hii hapunguzi mwendo kwa sababu ya asilimia wala ya mlima. Upande wake wa kulia kuna korongo lenye kina cha kutisha, na halimtishi, kwa kuwa amelizoea na anajua lilipo. Kinachomtisha ni kijisanduku chenye ukubwa wa kreti ya soda ambacho hajui kilipo. Siri ya Sofia iko hapo, si katika macho yake. Kamera inayojulikana mahali ilipo hulinda mita mia moja, lakini kamera isiyojulikana ilipo hulinda njia nzima, na kila mkaratusi, kila nguzo ya umeme na kila mwanamke aliyesimama na mwavuli huwa mtumishi wake bila mshahara.

Ushahidi bora wa nguvu hiyo hupatikana katika mtaa mmoja wa Gisenyi, nje ya barabara kuu, kwenye kona ambapo watoto wa shule huvuka mara nne kwa siku. Mkazi wa kona hiyo ni dereva wa miaka mingi, anayejulikana kwa kumlaani Sofia asubuhi, mchana na hasa jioni, ambaye hutoa hoja ya kijiji cha New Rome kama mtu aliyezaliwa huko. Ni yeye huyo ambaye, baada ya mjukuu wake kuanza darasa la kwanza, aliwaambia motari wa benchi la jirani, kwa sauti ya chini na kwa sharti kwamba wasimwambie mtu, kuwa kwenye ukuta wake kumefichwa Sofia mpya wa aina ndogo. Habari ilifika mtaa mzima kabla ya jua kutua. Tangu siku hiyo pikipiki, malori ya mchanga na magari ya wenye vyeo huipita kona hiyo kwa mwendo wa maiti anayesindikizwa, wengine wakiutazama ukuta kwa heshima. Na kwa kuwa hadi sasa hakuna hata mmoja aliyewahi kupokea ujumbe kutoka pale, wote wamekubaliana kwamba mahali pale, angalau, mtambo unapima kwa haki.